Nataka vichaka vya asili uani ili ndege na vipepeo warudi, nianze na vipi? (Usa River, Arusha)

mkazi_usariver:

Wakuu habari za jumapili, naomba mawazo kwa anayejua. Tumehamia Usa River mwaka huu, kiwanja ni kama robo eka, upande wa juu wa barabara kuelekea mlimani. Wakati wa ujenzi greda lilipita likakwangua kila kitu, sa hivi tumebaki na udongo mtupu, mvua ikinyesha ni tope na kiangazi ni vumbi mpaka kwenye vyombo. Kila anayekuja kutusalimia ana ushauri wake, mmoja anasema weka nyasi za kapeti kote na bogenvilia ukutani, mwingine duranta na miashoki mstari getini, fundi bustani mmoja kashanipigia mpaka hesabu.

Sasa mimi na mke wangu tunataka kitu kingine. Tunataka vichaka vya asili ya huku huku, vile vilivyokuwepo kabla ya nyumba, ili ndege warudi, vipepeo, nyuki, hata kinyonga mimi sina shida naye. Asubuhi hapa tunasikia kunguru na jurawa tu, ila ukishuka kwenye lile korongo la chini ambalo hawajalifyeka ni sauti za ndege mwanzo mwisho, na ni mwendo mfupi tu kwa mguu. Kwahiyo najua wapo, ila kwetu hawana cha kufuata.

Nauliza vichaka gani vinafaa, visizidi mita tatu hivi, na miche naipata wapi maana vitalu vya barabarani nikisema nataka vya asili naonyeshwa mwarobaini na grevilea. Alafu je ni kweli vichaka vinaleta nyoka na mbu, tuna watoto wadogo. Na la mwisho, jirani yangu ana lantana imechanua vizuri sana na vipepeo wamejaa, anataka kunipa vipande bure nikapande, nichukue? Natanguliza shukrani.

kitalu_tengeru:

Karibu sana mkuu na hongera, watu wengi wakishapita na greda wanawaza pavingi tu.

Kabla hujanunua mche hata mmoja, nenda kwenye hilo korongo ulilolitaja ukiwa na mama au mzee wa pale kijijini anayejua miti kwa majina ya kimeru au kimaasai, mpite taratibu muone nini kinaota chenyewe bila kumwagiliwa na mtu. Hiyo ndo orodha yako, nzuri kuliko yoyote utakayopewa hapa hata hii yangu. Usichimbe miche mule ndani lakini, chukua mbegu na vipande vya matawi kidogo kidogo kutoka kwenye mimea mingi, korongo libaki lilivyo.

Mimi ningekuanzishia na olamuriaki, ndo jina lake kwa Wamaasai na Waarusha, kitaalamu ni carissa. Kina miiba mikali, majani yanang'aa, maua meupe yenye wekundu kwa nje na yananukia vizuri sana, alafu matunda yanaanza mekundu yanaishia kuwa zambarau nyeusi, matamu, watoto wanakula na ndege wanakula. Ukipanda mistari miwili iliyopishana, mche na mche hatua moja, ukawa unapogoa, baada ya miaka kadhaa una uzio ambao mbuzi hapiti na mtu hapiti, na humo ndani ndege wadogo wanajenga kwa raha kwa sababu kunguru kuingia kwenye ile miiba kufuata makinda ni kazi. Mbegu zake usihifadhi, ukishakula tunda osha mbegu uzisie wiki hiyo hiyo zikiwa mbichi.

ANGALIZO na hili naomba mlisome vizuri wote mnaopita hapa. Kuna ndugu yake anaitwa olmorijoi, ule mti wa sumu ya mishale. Nao una maua meupe yenye wekundu yanayonukia, nao una matunda ya zambarau, nao ukiukata unatoa utomvu mweupe. Tofauti ya kushika ni miiba, olamuriaki ina miiba na olmorijoi haina hata mmoja. Kama kichaka hakina miiba usile tunda lake, usilete mbegu zake nyumbani kwenye watoto, na usikubali mtu akuuzie mche bila kuuona mti wenyewe umekomaa.

Cha pili leonotis, kile chenye shina lililosimama wima na maua ya rangi ya chungwa yaliyojipanga duara kwa mafundo, fundo juu ya fundo. Kaa karibu nacho asubuhi uangalie chozi, yule ndege mdogo anayekunywa maua, anavyofanya, anatua kwenye shina chini ya fundo, anaingiza mdomo wake uliopinda kwenye kila ua moja moja, na ule mdomo wa juu wa ua unamgusa kwenye paji la uso unamwachia chavua, akiruka kwenda fundo lingine unamuona kabisa ana vumbi la njano kichwani. Kinaota kwa mbegu bila shida, mwaga mvua zikianza, na usikikate kikishakauka kwa sababu chiriku wanafuata mbegu.

Cha tatu mtugutu, ule mchungu ambao wazee wanachemsha majani yake kwa ajili ya tumbo. Kila mtu anao kwenye mpaka na kila mtu anaufyeka mwaka hadi mwaka kwahiyo hauwahi kuchanua. Uache uchanue. Maua yake ni madogo meupe hayana sura ya kupiga picha lakini nyuki utawasikia kabla hujaufikia. Kata tawi nene kama kidole gumba, chomeka mwanzo wa mvua, basi.

Ongeza mkole, ile grewia ya kwetu yenye maua ya zambarau hafifu na vitunda vya chungwa vilivyoungana viwili viwili au vinne, ndege kama pasa na shore wanaipenda mno. Mbegu zake zina ganda gumu, loweka na uwe na subira. Alafu mishubiri sehemu zenye jua kali na mawe, maana inachanua sana wakati wa ukame ambapo mengine yote yamenyauka na chozi hana pa kwenda. Mshubiri usichimbe porini, tafuta mtu mwenye vichipukizi nyumbani kwake.

Kuhusu hilo greda, udongo wa juu umeondoka na wa chini umeshindiliwa. Chimba mashimo mapana sentimita 60 na usiwe na haraka, changanya na samadi iliyooza, tandaza majani makavu juu. Mimea hii haitaki mbolea ya dukani.

mama_vipepeo_gede:

Salaam kutoka huku pwani, Gede. Nimefurahi mno kuiona mada hii. Mimi ni mfugaji wa vipepeo, ni kazi tuifanyayo sisi wakaazi wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke tangu mradi wa Kipepeo uanze 1993, twafuga viwavi nyumbani, wakishajifungia ganda wawe pupa, pupa hizo zasafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho ng'ambo. Kwahiyo haya nayasema kwa kuyashika.

Kaka, ua si lenye kumleta kipepeo akae. Ua lamleta kunywa tu kisha aende zake. Kinachomfanya akae ni jani. Kila aina ya kipepeo ina jani lake au majani machache ambayo kiwavi wake aweza kula, na mama kipepeo hatagi penginepo, utamuona ashuka kwenye jani, aligusa gusa kwa miguu, silo, aruka, agusa jengine, mpaka apate alitakalo ndipo aweka yai moja. Bustani ya maua mia bila jani la kutagia haitoi kipepeo hata mmoja.

Tuchukue mmoja ambaye hata Arusha wako naye, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Kiwavi wake hula mlimau, mndimu, mchungwa, na kabla ya hayo kuletwa alikuwa na miti yake ya asili ya ukoo huo huo, kama mjafari. Akiwa mdogo kiwavi huyu ni kahawia na weupe, wadhani ni kinyesi cha ndege kimeangukia jani na ndege nao wadhani hivyo hivyo wakampita. Akikua ajibadilisha akawa wa kijani. Ukimgusa, nyuma ya kichwa chake hutokeza pembe mbili laini nyekundu za kung'aa na harufu kali yakujia puani. Waonyeshe watoto. Basi ukiona mlimau wako watobolewa majani usikimbilie dawa, mti mkubwa haufi kwa hao, wayala majani machache kisha waondoka. Kama mlimau bado mdogo wahamishe kwa mkono uwaweke kwenye mjafari.

Mwengine ni yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe kwenye mbawa. Huyo ataga kwenye ile mimea ya utomvu mweupe yenye matunda ya kijani yaliyojaa hewa na vinywele vinywele, kitaalamu gomphocarpus, hata pembezoni mwa barabara yaota. Kiwavi ala sumu ya mmea, sumu yakaa mwilini mwake, na ndege akimjaribu mara moja harudii. Mmea huo lakini uupande mbali na mbuzi na watoto wasishike utomvu wakajifikicha macho.

Na vile vipepeo vinene viendavyo kasi, charaxes, hao karibu hawana habari na maua kabisa. Wao hufuata matunda yaliyooza na utomvu wa miti. Embe likianguka liache chini.

mkazi_usariver:

Aisee mama asante sana, hilo la jani sikuwahi kulisikia popote, kote ni maua maua tu. Kwahiyo majani yakiliwa ndo dalili kwamba kazi inafanyika?

mama_vipepeo_gede:

Ndiyo mwanangu. Bustani ambayo majani yote ni mazima haina mtu nyumbani.

Wa_Rongai:

Sasa wadau. Mimi niko Rongai upande wa Kenya lakini milima yetu na yenu si tofauti sana, hata hiyo olamuriaki tunayo, wakikuyu wanaiita mukawa, na huku Ngong bado utaipata kando ya barabara za ndani.

Nataka kujibu hiyo ya lantana kwa sababu naona wengine wameiruka. Usichukue tafadhali. Lantana ilitoka Marekani ya kitropiki ikaletwa kama ua la bustani, na saa hii iko kwenye ile orodha ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani. Ng'ombe akiila inamuumiza maini. Vipepeo unaowaona kwa jirani wanakunywa tu, na vile mama wa Gede amesema, wengi hawatagi hapo. Lakini shida kubwa kwako wewe ni hii, matunda yake ndege wanakula kabisa, na baada ya kula wanaenda kulala wapi? Kwa hilo korongo lako. Mbegu zitashuka huko na baada ya muda chini ya miti kutakuwa lantana tupu, hakuna mche wa kienyeji unapita hapo. Yaani utakuwa umeua pale pale unapotaka kuchukua mbegu. Duranta pia ni ya kutoka huko Marekani na matunda yake ya njano ni sumu kwa watoto, na nashangaa vile watu wanaweka kwa shule na nyumba zenye watoto kila mahali.

Ile tu ningesema, kwa huyo jirani usiende kumgombeza akate yote mara moja. Kama ndege wamejenga ndani na hakuna kichaka kingine karibu, ukikata leo umewafukuza leo. Panda zako kwanza, zikishika ndio umshawishi atoe kidogo kidogo kuanzia upande wa korongo, na ang'oe na mizizi kwa sababu ukikata tu inachipuka tena.

Na inawezekana kabisa. Karura, hiyo msitu ya Nairobi ambayo marehemu Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiipigania mwaka wa 1999, leo kazi moja kubwa huko ni kutoa miti ya kigeni na kung'oa lantana na kurudisha miti ya kienyeji. Brackenhurst kule Limuru nako walianza 2000 kwa shamba lililokuwa na mikaratusi, wakapanda ya kienyeji, na leo ukitembea humo ni msitu, ndege na vipepeo wamekuja wenyewe, hakuna mtu aliwabeba. Hiyo ni shamba kubwa najua, lakini robo eka yako ikiungana na ya jirani na ya mwingine mpaka kwa korongo, hiyo ni njia ya ndege.

Huku kwetu uzio wa kawaida ni kayaba, na hiyo si mbaya sana ukilinganisha, lakini kuna ndugu yake wa kienyeji, dovyalis abyssinica, miiba iko, matunda ya chungwa yako, na inapenda baridi ya milimani. Kama shamba lako liko juu jaribu. Wale wako chini kwa ukame zaidi, leleshwa, majani ya kijivu yananukia ukiyasugua, haihitaji maji ikishashika. Na muthigio kwa ndege, vitunda vidogo sana lakini shore hawaachi kitu.

Kwa mbegu, sisi huku tunanunua KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, pale Muguga, wako na mbegu za kienyeji na wanakuambia vile za kuotesha, kwa hivyo nyinyi waulizeni TFS, wakala wenu wa misitu.

Na hiyo olmorijoi niongeze kidogo. Kuna panya mmoja mkubwa wa manyoya marefu, watafiti walimchunguza huku Kenya, anatafuna gamba la huo mti kisha anapaka mate yake kwa manyoya ya ubavuni, mbwa akimuuma anaugua vibaya au kufa. Kwa hivyo hata mti ambao hutaki kwako una mwenyewe huko msituni, usikubali watu waukate huko kwa sababu ni wa sumu.

BabaNeema:

Nimesoma yote na nawaheshimu ila naomba mniruhusu nipingane. Mnaongea ndege na vipepeo, mimi nina watoto. Niko Morogoro, kwetu nyuma ya nyumba palikuwa na kichaka kizito na swila aliingia mpaka jikoni, mke wangu ndo alimuona. Tangu siku hiyo nimefyeka na nafagia uwanja kila asubuhi mpaka udongo unaonekana. Wazazi wetu walifagia uwanja kwa sababu, siyo ujinga. Na mbu je, si wanalala humo humo kwenye majani? Huyu ndugu kauliza swali la nyoka na mbu na hakuna aliyemjibu, wote mnasifia maua.

mzee_bwanashamba:

Vijana habarini. Nimekuwa bwana shamba mpaka nikastaafu, nimezunguka Arumeru na Hai kwa miaka mingi. BabaNeema ana haki ya kuuliza na swali lake ndilo linalowafanya watu wengi wafyeke, kwahiyo tulijibu kwa uzito wake.

Nyoka hafuati kichaka, anafuata chakula na pa kujificha. Chakula chake mara nyingi ni panya na vyura na mayai ya kuku. Angalia nyumba nyingi ambazo nyoka anaingia, utakuta banda la kuku halijafungwa vizuri, pumba imemwagika, matofali yaliyobaki ya ujenzi yamepangwa nyuma ya jiko, mabati, kuni, takataka. Hapo panya amejaa na nyoka anakuja. Ondoa hayo kwanza, yapo hata kwenye uwanja usio na kichaka hata kimoja.

Lakini siwaambii kwamba kichaka hakina hatari. Kifutu anapenda kulala kwenye majani makavu na hasogei ukimkaribia, ndiyo maana watu wanamkanyaga. Kwahiyo pangeni uwanja kwa akili. Kuzunguka nyumba acha mita nne au tano pawe pasafi, hapo fagia kama walivyofagia wazazi wetu, watoto wacheze hapo. Vichaka viende mpakani na kwenye kona. Njia ya kwenda chooni au bandani iwe pana na wazi. Matawi ya chini ya vichaka vilivyo karibu na njia yakateni mpaka usawa wa goti ili uone chini. Usiku tembea na tochi na viatu. Na ikitokea mtu kaumwa, asitembetembee, usichanje, usifunge kamba kwa kukaza, usinyonye, mpeleke hospitali moja kwa moja.

Mbu anazaliwa kwenye maji yaliyotuama, siyo kwenye jani. Ni kweli mchana anapumzika kwenye vivuli, majani yakiwemo, lakini ukifyeka kichaka ukaacha tairi lenye maji, kopo, mfereji ulioziba, sahani ya chini ya chungu cha maua, na tangi lisilofunikwa, mbu wako pale pale. Funga hayo. Kama utawawekea ndege bakuli la maji, na uwawekee maana wakati wa kiangazi maji yanawaleta kuliko kitu kingine, limwage na kulisugua kila baada ya siku mbili, kiluwiluwi hana muda wa kuwa mbu hapo.

Sasa huko mpakani, chini ya vichaka, hapo msifagie. Hili ndilo ningependa mlichukue kwangu. Sisi tumezoea kufagia kila jani tukalichoma, na tukilichoma tumechoma chakula. Kurumbiza, yule anayeimba vizuri alfajiri na magharibi, maisha yake ni kupekua majani yaliyoanguka anatafuta wadudu. Uwanja uliofagiwa wote kurumbiza hana anachopekua. Kalunguyeye naye anajificha humo na kula wadudu usiku. Kwahiyo fagieni karibu na nyumba na muache mbali na nyumba, mpaka wa hayo mawili uwekeni mstari wa mawe ili watoto wajue.

Na dawa. Fundi bustani wengi wakiona kiwavi wanapiga dawa bustani nzima bila kuuliza mwenye nyumba. Chozi mnayemuona anakunywa maua, makinda yake anayalisha wadudu na buibui. Kwera anayekula nafaka, makinda yake naye anayalisha wadudu, chiriku ni kati ya wachache wanaolisha mbegu zaidi. Ukiua viwavi wote ndege wakubwa watakuja kunywa na kuondoka, hawatalea kwako. Mwambieni fundi kabla hajaanza kazi, na kama hawezi mtafuteni mwingine.

BabaNeema:

Shikamoo mzee. Nimekuelewa vizuri, hili la kugawa uwanja linaingia akilini, mimi nilikuwa najua ni yote au hapana. Banda la kuku kweli lipo karibu na jiko. Kona ya mbali ipo tupu, nitaanza na hapo na mtugutu maana huku upo. Asante sana.

mzee_bwanashamba:

Marahaba mwanangu. Banda lihamishe kwanza kabla ya kupanda chochote.

mkazi_usariver:

Nawashukuru wote kiukweli, mke wangu kasoma uzi wote mpaka mwisho na kaandika kwenye daftari. Lantana tumekataa kwa heshima, tumemwambia jirani sababu ya korongo na yeye mwenyewe kashangaa maana huwa anapeleka mbuzi kule. Na yule mzee wa hapa kijijini nimeshaongea naye, tunashuka pamoja korongoni jumamosi, olamuriaki anasema ipo na hata olmorijoi ipo upande wa mawe atanionyesha zote mbili nizijue.

Plani yetu ni hivi, olamuriaki mpaka wa nyuma na wa pembeni, leonotis na mishubiri upande wa mbele penye jua, mkole kwenye kona mbili, mtugutu karibu na mizinga maana mke anataka kuweka mizinga ya nyuki wadogo. Mlimau upo mmoja tutauacha kwa ajili ya yule kipepeo. Wasiwasi wetu umebaki kwenye mambo mawili. Kwanza getini, mama mkwe anasema patakuwa porini na wageni watasema hatuna mwenye nyumba. Pili maji, yanakuja kwa mgao, je hii miche itavuka kiangazi?

kitalu_tengeru:

Nimefurahi sana kusoma hii mkuu.

Kwa mama mkwe hapo getini, kinachofanya watu waone pori ni ukingo usionyooka, siyo aina ya mmea. Nyoosha njia ya kuingilia, panga mawe pembeni, panda mishubiri kwa mstari uliopimwa na kamba na leonotis nyuma yake kwa kundi moja kubwa, usichanganye changanye pale mbele. Upande wa barabara wa olamuriaki pogoa unyooke kabisa, upande wa ndani ndo uuache ujitanue na kuzaa. Mshubiri ukichanua na chozi wakaanza kuja mama mkwe atakuwa wa kwanza kuita majirani.

Kupogoa usipogoe wakati wowote tu. Angalia kwanza kama kuna kiota ndani, kama kipo acha mpaka makinda waruke. Na usikate yote kwa siku moja, mwaka huu upande mmoja mwaka ujao mwingine, kila wakati pawe na sehemu yenye matunda na sehemu ya kujifichia.

Maji sasa. Panda masika ikishashika vizuri, siyo mvua ya kwanza tu ukadanganyika. Ukisubiri mpaka Mei mwishoni umechelewa, mizizi haitakuwa imeshuka kabla ya ukavu. Kuzunguka kila mche tengeneza beseni la udongo, jaza majani makavu au nyasi kavu lakini zisiguse shina. Kiangazi cha kwanza mpe kila mche lita tano hivi kwa wiki kwa mara moja, jioni, polepole mpaka izame, usinyunyize kidogo kidogo kila siku maana mizizi itabaki juu. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia nguo yanafaa, yale ya povu zito usimwagie. Kiangazi cha pili utaangalia tu ule unaonyauka. Baada ya hapo olamuriaki, mkole na mishubiri zitajitegemea, leonotis itakauka na kuota tena na mvua, ndivyo ilivyo usidhani imekufa ukaing'oa.

Na mizinga ya nyuki wadogo weka mbali kidogo na ule mlango mnaotumia kila siku, iwe kwenye kivuli cha mtugutu na siafu wasiweze kupanda, miguu ya stendi paka grisi. Jumamosi mkishuka korongoni beba mifuko ya karatasi siyo ya plastiki, mbegu zenye unyevu kwenye plastiki zinaoza. Andika kwenye kila mfuko umechuma wapi, juani au kivulini, itakusaidia kujua kila mche uupande upande gani wa nyumba.

mama_vipepeo_gede:

Na majani ya ukoo wa mlimau yaulizeni kwa huyo mzee, lazima huko korongoni lipo lao la asili kwa jina la kwenu. Likate jani ulinuse kwa kulisugua, harufu ya limau haijifichi. Ukilipata chukua na mbegu zake, ukalipande kule nyuma mbali na dawa za mtu yeyote.